Siku ya Mwisho Nairobi: Msitu Kwanza, Soko Baadaye



Juma lililopita hatukuwa nanyi kwa kuwa tulikuwa safarini. Likizo ya Agosti tuliipeleka Nairobi, sisi na baba watoto, wanetu watatu, pamoja na nyanya yao mzaa baba. Tulifika Jumatatu, tukapanga nyumba ya siku chache mtaani South C, tukaondoka Jumamosi usiku kwa treni. Alhamdulillahi tumerudi salama.

Wengi mumetuuliza tuliona nini. Tuliingia Makumbusho ya Taifa, tuliswali Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, na watoto walionja baridi ya mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,700, baridi ambayo mtoto wa Mombasa huisikia kwa masikio tu. Lakini leo hatutaki kuzisimulia siku zote sita. Twataka kuzungumza juu ya siku moja, ile ya mwisho, kwa kuwa ndiyo siku ambayo familia nyingi huiharibia safari yao, na sisi nusura tuiharibu yetu.

Mambo yalianza usiku wa kuamkia siku hiyo. Baada ya chakula, nyanya alimwita mjukuu wake mkubwa, binti yetu wa miaka kumi na sita, akamwambia alete daftari na kalamu. "Andika," akamwambia, "tusije tukamsahau mtu." Akaanza kutaja: jirani wa mlango wa pili, shangazi wa Kibokoni na wanawe wanne, ami zao wa Majengo na wake zao, mwalimu wa chuo na nyumba yake, mama anayetuuzia mahamri asubuhi na binti zake wawili. Alipofika mwisho, binti akahesabu. Majina yalikuwa thelathini na moja.

Fedha tulizozitenga kwa zawadi zilikuwa shilingi 10,000, nazo zilikuwa ndani ya bahasha. Tukipiga hesabu ya shilingi 600 kwa kila jina, jambo ambalo kwa siku hizi si ufahari wowote, zilihitajika shilingi 18,600. Upungufu ulikuwa shilingi 8,600. Nyanya alitutazama, nasi tukatazamana. Zilikuwako fedha nyingine, karo ya muhula wa tatu, lakini hizo zilikuwa zimewekwa kando na skuli ilikuwa ikifunguliwa siku chache zijazo.

Hapa hatuna budi kusema kweli, kwani ukurasa huu hautakuwa na faida iwapo kazi yake ni kuwashauri wengine tu. Watu walipolala, tulifungua simu. Tukaangalia kiasi ambacho tungeweza kukopeshwa papo hapo. Ilikuwa shilingi 9,000. Kubonyeza mara mbili tu, na orodha ya nyanya ingetimia yote. Kile cha juu kinachotozwa juu ya mkopo wa namna ile kina majina mengi mazuri, lakini sisi twalijua jina lake, na nyinyi mwalijua. Hata hivyo tulikaa na simu ile mkononi muda usiopungua robo saa. Hatukuwa na njaa, wala hatukuwa na mgonjwa. Tulikuwa twaogopa kurudi nyumbani na mfuko mwepesi. Mwishowe baba watoto akageuka kitandani, akasema kwa sauti ya usingizi, "Zima hiyo simu, tulale. Asubuhi ina maneno yake." Tukaizima.

Asubuhi kweli ilikuwa na maneno yake. Baada ya swala ya alfajiri, nyanya alikuwa tayari amevaa buibui lake na kushika kikapu, akitaka twende Eastleigh mapema kabla ya maduka kujaa. Binti naye akasimama mlangoni, amevaa raba. Tangu Jumatatu tulikuwa tumemwahidi kumpeleka kutembea kwa miguu katika Msitu wa Karura. Jumanne kulikuwa na manyunyu, Jumatano tulichoka, Alhamisi tulialikwa, na Ijumaa ilikuwa Ijumaa. "Ahadi ni deni," akasema binti, kwa adabu lakini bila ya kuondoka mlangoni.

Nyanya akacheka. "Mtu hutoka Mombasa akaja Nairobi kutazama miti? Kwani kwetu miti imekwisha?"

Baba watoto alitoa uamuzi: msitu mpaka saa nne na nusu, kisha soko. Nyanya alikubali kwa sharti kwamba yeye atakaa langoni na kikapu chake, atusubiri. Tulikodi gari la viti saba, na saa moja na nusu tulikuwa kwenye lango la upande wa barabara ya Limuru, tukalipa kiingilio kwa simu. Maji tuliyatia katika chupa za chuma, kwa kuwa tangu Juni 2020 plastiki ya kutumiwa mara moja ikatupwa imepigwa marufuku katika misitu na mbuga za taifa zinazohifadhiwa.

Langoni kulikuwa na baridi, na kukaa mahali pamoja katika baridi ni adhabu. Nyanya alikaa dakika tano. Kisha akasema, "Nitawasindikiza kidogo tu." Viatu vyake vilikuwa vya ngozi, vyenye visigino. Binti akavua raba zake akampa, kwani miguu yao ni ya kipimo kimoja, naye mwenyewe akavaa ndara alizokuja nazo mfukoni. Basi nyanya yetu, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, akaingia Karura na buibui lake jeusi na raba nyeupe zenye mistari ya waridi. Dada zetu, tumesikia baadhi yenu mkisema kwamba matembezi ya msituni si ya mwanamke mwenye kujisitiri. Twawaambia tuliyoyaona: njia ni pana, ardhi ni tambarare kwa sehemu kubwa, na siku ile tulipishana na wazee, wanawake waliojitanda mitandio, watoto juu ya baiskeli, na kila mmoja alikuwa na shughuli yake.

Karura ina zaidi ya hekta 1,000, nayo imo ndani ya mji, ikizungukwa na mitaa ya Muthaiga, Runda na Gigiri. Imo mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, na imo miti ya asili iliyoachwa kama ilivyoumbwa. Tulipopita chini ya mti mmoja mrefu wenye gome la kijivu, askari wa msitu aliyekuwa akipita alituambia kuwa ni muhugu. Nyanya akasimama. "Muhugu?" akauliza. "Muhugu huu wa kwetu?" Yeye alilelewa upande wa Malindi, na muhugu waujua kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke, mti mgumu unaonukia, ambao wachongaji wameukata hata ukawa adimu. Akaliwekea gome mkono wake. Tangu hapo hatukusikia tena habari ya kutusindikiza kidogo. Alikwenda mbele yetu.

Njiani aliuliza msitu huu ni mali ya nani, na vipi haujakatwa ukajengwa majumba, ilhali ardhi ya Nairobi ina thamani kama dhahabu. Binti, aliyekwisha kulisoma jambo hili skuli, ndiye aliyemjibu. Alimweleza kwamba katika miaka ya 1990 sehemu za msitu zilikuwa zimekwisha kugawiwa watu binafsi ili wajenge. Marehemu Wangari Maathai, mwanamke aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akasimama na wenzake kuzuia. Januari 1999 walikwenda Karura na miche ili waipande, wakashambuliwa na watu waliowekwa hapo kulinda, naye akapigwa kichwani hadi akatoka damu. Msitu ukabaki. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata.

"Alipigwa kwa ajili ya miti?" nyanya akauliza.

"Kwa ajili ya miti, nyanya."

Nyanya hakujibu. Baada ya hatua kadhaa akasema, "Huyo alikuwa na moyo." Kisha akamgeukia mwanetu wa kiume, aliyekuwa ameokota kijiti kizuri cha kutembelea, akamwamuru akirudishe alipokitoa. Msitu una sheria kwamba kilichomo hakitolewi, na siku ile sheria hiyo ilipata msimamizi asiyelipwa mshahara.

Tulitembea kwa mwendo wake, pole pole, mpaka tukafika penye maporomoko ya maji. Si maporomoko makubwa kama yale ya picha za kalenda, lakini maji yanaanguka kutoka juu ya mwamba kwa sauti, na baridi yake yakufikia usoni kabla hujayakaribia. Jirani na hapo kuna mapango ambayo husimuliwa kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha ndani yake. Watoto wakaenda kuyatazama na baba yao. Nyanya akatandika leso yake majanini, akaswali rakaa mbili za dhuha, kisha akabaki ameketi akiyatazama maji.

Tuliporudi kukaa wote, tukamenya mayai na kugawana mkate, akaanza kusema bila ya kuulizwa.

"Mimi mji huu nilikuja mara moja tu, na babu yenu, naye mgonjwa. Imepita miaka thelathini. Siku arubaini tulikaa. Asubuhi hospitali, jioni Pumwani kwa jamaa aliyetupa chumba. Kati ya hapa na pale nilikuwa na dirisha la matatu tu. Sikuuona mji. Sikujua kama una mto."

Watoto walinyamaza. Habari za babu yao hawazijui sana, kwani alifariki kabla hawajazaliwa.

"Nilipomrudisha nyumbani, pesa zote zilikuwa zimekwisha katika dawa. Nauli ya basi tulichangiwa. Tukashuka Mwembe Tayari alfajiri, mimi nimemshika mkono, na begi moja. Tulipofika nyumbani, jirani wa mlango wa pili alikuwa nje akifagia. Akanitazama mikono, akasema, 'Siku arubaini umekaa Nairobi, ukarudi mikono mitupu?' Pengine alitania. Wiki tatu baadaye babu yenu akafariki. Watu walijaa nyumbani. Walileta mchele, walileta mbuzi, walipika wao, walifua wao. Hayo yote siyakumbuki vizuri. Lile neno la mlangoni nalikumbuka."

Mwanetu wa kiume, ambaye akili yake hupenda hesabu, akauliza, "Nyanya, jirani huyo yumo katika orodha?"

Binti akafungua daftari. Alikuwa jina la kwanza.

Ndugu wasomaji, sisi tumeishi na mama mkwe wetu huyu miaka kumi na minane. Kila aliposafiri mtu wa nyumba yetu, hata kwenda Voi, aliulizwa na yeye, "Umetuletea nini?" Tulidhani ni mazoea ya wazee. Wakati mwingine, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulidhani ni tamaa. Kumbe kwa miaka thelathini alikuwa akijaribu kulifuta neno moja, na kutukinga sisi tusije tukaambiwa neno kama lile. Na usiku uliotangulia sisi tulikuwa tayari kuingia katika mkopo wa haramu kwa hofu hiyo hiyo, ambayo hata hatukujua ilikotoka.

Tukamwambia yaliyopita baina yetu na simu. Haya ilitushika, lakini tulimwambia. Alitutazama kwa muda. "Na ningewapelekea watu zawadi ya riba?" akasema. "Nipe hilo daftari."

Kazi iliyofanyika hapo juu ya leso, kando ya maji, ilikuwa fupi. Binti alitoa rai kwamba tusihesabu watu, tuhesabu milango. Shangazi na wanawe ni mlango mmoja. Mwalimu wa chuo na nyumba yake ni mlango mmoja. Nyanya akashika kalamu mwenyewe. Majina thelathini na moja yakawa milango tisa. Kisha akaandika kando ya kila mlango kitu ambacho nyumba ile inakihitaji kweli, kwani yeye ndiye anayeingia katika nyumba zile na kujua nani chupa yake ya chai imevunjika na nani mkoba wake wa skuli umeshonwa mara tatu. Saa nne na nusu tulikuwa tunarudi langoni.

Kutoka Karura kwenda Eastleigh njia hupita Muthaiga hadi Pangani. Watoto walicheka kusikia jina hilo katikati ya Nairobi. Si jina la bure. Katika miaka ya mwanzo ya mji, Pangani kilikuwa kijiji cha Waislamu na watu waliosema Kiswahili, wengi wao wakiwa na asili ya pwani au wamefuata misafara na reli. Serikali ya kikoloni ilikivunja kijiji hicho katika miaka ya 1930. Pumwani, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920, nayo ina Majengo yake, kama sisi tulivyo na Majengo yetu Mombasa. Tulipoikaribia, nyanya alimwomba dereva apunguze mwendo. Alitazama nje muda mrefu, lakini nyumba aliyokaa hakuitambua. Tukamsomea babu Fatiha ndani ya gari.

Eastleigh yenyewe haihitaji kuelezwa sana kwa watu wetu, kwani nguo nyingi zinazouzwa kwetu hupitia huko. Mtaa huu ni wa tangu 1921, lakini soko tulijualo leo lilikua baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Wakimbizi walioingia walifanya biashara katika vyumba vya kulala wageni, maarufu zaidi kikiwa kituo cha Garissa Lodge, ambapo vyumba viligeuka maduka. Kutoka vyumba vile yakaota majengo ya ghorofa ambayo leo mtu anaweza kupotea ndani yake kutwa nzima. Watu waliokimbia na mabegi machache wakajenga soko ambalo nchi nzima hulitegemea.

Adhuhuri ilitukuta huko, tukaswali katika msikiti wenye sehemu ya wanawake. Kitinda mimba wetu aliuliza kama tutapunguza swala kwa kuwa sisi ni wasafiri. Nyanya akamfundisha: kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na siku ya kuondoka, huswali kamili mpaka autoke mji. Sisi tulinuia Jumanne mpaka Ijumaa, kwa hivyo rakaa zetu zilikuwa nne. Tumeliandika hili kwa kuwa tumeona wengi hukosea siku ya mwisho, wakidhani kwamba kufunga begi ndiko kusafiri.

Ununuzi wote ulichukua chini ya saa mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu. Tulikuwa na milango tisa na tulijua kila mlango unataka nini. Madera manne, kila moja kwa shilingi 750, yalikuwa shilingi 3,000. Muuzaji alianza kwa 1,000, lakini alimwita nyanya "ayeeyo", yaani bibi kwa Kisomali, na mtu akikuita hivyo amekwisha kukubali kukupunguzia. Chupa mbili za chai kwa 1,100 kila moja zilikuwa 2,200. Mikoba miwili ya skuli kwa 800 kila mmoja ikawa 1,600. Na kwa mlango wa kwanza wa orodha, shali ya sufi ya rangi ya maziwa, shilingi 1,200. Hesabu yote ilikuwa shilingi 8,000.

Dera moja, katika duka la kwanza, lilikuwa na tundu chini ya kwapa. Nyanya alilikunjua dukani na kulinyoosha mbele ya mwanga, ndiyo maana likaonekana. Lingelikunjuliwa Mombasa, lingekuwa hasara na aibu.

Kwa shilingi 2,000 zilizosalia tulinunua peasi na matunda damu kwa 1,100, ili kila mlango upate tunda la bara pamoja na zawadi yake. Bahasha ikarudi South C na shilingi 900 ndani yake. Kanga hatukununua hata jozi moja, ingawa tulizisifu sana. Mtu wa Mombasa kubeba kanga kutoka Nairobi, na Biashara Street iko kwao, ni kupeleka maji baharini. Alasiri tulipumzika. Tukaswali magharibi na isha kwa nyakati zake kabla ya kutoka, na saa nne za usiku treni ikang'oa. Nyanya alilala na raba za mjukuu wake miguuni.

Jumapili asubuhi zawadi zilianza kugawanywa. Hatujasikia mpaka leo kwamba kuna mtu aliyehesabu watu badala ya milango. Huenda wapo. Ikiwa umo miongoni mwao nawe wasoma ukurasa huu, twakuomba radhi, na peasi bado zipo mbili.

Shali ya sufi nyanya aliipeleka mwenyewe, na binti akamfuata. Jirani yule sasa ni mzee sana, hatoki kitandani. Nyanya akamvika shali mabegani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Binti anasema alikuwa akingoja nyanya aulize, au jirani akumbuke. Hakuna aliyeuliza, wala aliyekumbuka. Bibi yule aliishika shali kwa vidole, akashukuru, kisha akaivua na kuiweka kando kwa kuwa Mombasa kulikuwa na joto. Halafu akauliza, "Hebu niambie, huko Nairobi umeona nini?"

Nyanya akamweleza. Alianza na muhugu, akaja kwa mwanamke aliyepigwa kwa ajili ya miti, akaingia katika maporomoko na namna baridi yake inavyokufikia usoni. Bibi yule akauliza maji yanaanguka kwa sauti gani, na nyanya akajaribu kuiiga kwa kinywa, wakacheka wote wawili. Adhana ya adhuhuri iliwakuta bado wanazungumza, na shali imekunjwa juu ya mto.

Wasomaji wetu, kupelekeana zawadi ni katika mambo yanayotia mapenzi baina ya watu, na hatusemi iachwe. Twasema ipimwe kwa uwezo. Kabla ya siku ya mwisho, kaeni familia nzima na mkubaliane bahasha ni kiasi gani, na kwamba ikimalizika imemalizika. Hesabuni milango. Karo ya watoto isiguswe, na mkopo wenye ziada usikaribiwe, hata ukiwa umo mfukoni mwako na hauulizi maswali. Nguo ifunguliwe mbele ya mwanga kabla ya kulipwa. Na asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kuingia sokoni, tembeeni kwa miguu mahali penye utulivu pamoja na wazee wenu, kwa mwendo wao. Huenda wana neno ambalo limekaa miaka mingi likingoja mtu wa kulisikiliza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape afya wazee tulio nao, na atuepushe na mali ya haramu katika dogo na kubwa. Inshaallah tukutane juma lijalo.

Wabillahi tawfiq.